“Nina risiti, naenda na kurudi”: yanayosemwa kuhusu kusafiri ukisubiri grinikadi

Simu ikilia saa tisa usiku katika nyumba ya Mswahili anayeishi Marekani, mara nyingi inatoka nyumbani, na mara nyingi si ya heri. Mama kalazwa, au baba hatunaye tena. Kabla hakujapambazuka watu wameshachanga na tiketi imeshakatwa. Anayesafiri ana ombi la grinikadi lililopelekwa miezi minane iliyopita, na kati ya wote waliochanga hakuna aliyemuuliza kama ana kibali cha kutoka.

Nimefasiri katika ofisi za mawakili kwa muda wa kutosha kuyasikia maneno yaleyale kutoka kwa watu wa Tanga, Mombasa na Bukavu. Mengi yana chembe ya ukweli, ila ni ukweli wa faili la mtu mwingine. Hapa namzungumzia aliye ndani ya Marekani, aliyejaza fomu I-485 ili abadilishiwe hadhi awe mkazi wa kudumu, yaani mwenye grinikadi. Anayengoja viza ya uhamiaji akiwa Nairobi au Dar yuko kwenye mkondo mwingine, na kanuni ya kutotoka Marekani bila kibali haimgusi.

“Risiti yangu itanirudisha”

Karatasi I-797C ya USCIS, idara inayoshughulikia maombi hayo, inasema tu kwamba ombi lako limepokelewa. Haimpandishi mtu ndege. Na kwa walio wengi, kutoka nchini bila kibali kunahesabiwa kuwa umelitelekeza ombi la I-485, hata kama ulikwenda siku tatu kuzika. Ombi linakataliwa na ada hairudi. Kwa mtu mzima ada hiyo ni dola 1,440 tangu Aprili 1, 2024.

Kibali cha kusafiri huombwa kwa fomu I-131. Zamani ukishalipia I-485 hukudaiwa cha ziada. Tangu tarehe hiyohiyo kinalipiwa peke yake, dola 630, na nadhani hapo ndipo wengi walipoanza kukiruka. “Sina safari mwaka huu, za nini hizo?” Msiba nao hautoi taarifa.

“Nimeshaomba kibali, kikitoka watanitumia huku”

Hii ndiyo inayowaliza wengi, kwa sababu mtu anakuwa amefanya karibu kila kitu sawasawa. Kibali lazima kiwe kimetoka kabla wewe hujatoka. Ukiondoka huku ombi lako la kwanza la kibali likiwa bado mezani, nalo linahesabiwa limetelekezwa. Shemeji aliyebaki akivizia bahasha sandukuni ili aisafirishe anavizia kisichokuja.

Ipo njia ya dharura, na wachache wanaijua. Unapiga simu USCIS kuomba miadi katika ofisi yao ya karibu, unakwenda na fomu I-131 iliyojazwa, malipo, picha na ushahidi: barua ya hospitali inayoeleza hali ya mgonjwa, au cheti cha kifo. Hapa ndipo desturi zetu zinapogongana na karatasi zao. Ugonjwa tunaambiwa kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mwislamu akifa asubuhi huenda alasiri yuko kaburini, na cheti kinafuatiliwa baada ya arobaini. Ninachowasihi watu ni kuomba barua ya daktari mgonjwa akiwa angali hai, yenye jina kamili, tarehe na mhuri, na kuwa na cheti chao cha kuzaliwa kinachoonyesha kwamba huyo ni mzazi wao kweli. Ikiwa barua ni ya Kiswahili au Kifaransa, iende na tafsiri ya Kiingereza iliyotiwa saini na mtafsiri. Kukubaliwa si lazima. Nimeona mtu akitoka ofisini na karatasi yake siku ileile, na nimeona mwingine akirudi nyumbani kukaa matanga mbele ya simu.

“Viza yangu bado haijaisha”

Msemaji huyu huwa na mfano wa mtu aliyekwenda akarudi salama, na hasemi uongo. Wenye viza za kazi za H-1B na L-1, pamoja na wake, waume na watoto wao wa H-4 na L-2, wametolewa kwenye kanuni ya kutelekeza, mradi hadhi yao iendelee, viza iwe hai na kazi iwe kwa mwajiri yuleyule. Mwanafunzi wa F-1 hayumo, wala mgeni wa B-2. Viza zao zinadai uwe na nia ya kurudi kwenu, ilhali I-485 yako inaomba ubaki. Afisa wa mpakani anayasoma yote mawili kwenye skrini moja.

“Kanada ni hapo tu”

Kuvuka daraja kutoka Detroit kwenda kula Windsor ni kutoka nchini. Hawaii na Puerto Rico ni ndani ya Marekani, ukiruka moja kwa moja. Alaska vilevile, ila panda ndege, kwa sababu barabara inapita Kanada.

“Kibali kikiwa mkononi hakuna swali”

Maswali yapo. Kibali hakimhakikishii mtu kuingia. Ukirudi nacho huingizwi kama mwenye viza, unaruhusiwa kwa paroli, yaani ruhusa ya muda, neno lilelile la Bodi za Parole zinazoshughulika na wafungwa kule Tanzania, na kwa kweli ukikaa saa mbili katika chumba cha mahojiano cha uwanja wa ndege unaelewa undugu wa maneno hayo. Mwenye rekodi ya kukamatwa asiondoke kabla wakili hajasoma faili lote. Mwenye amri ya zamani ya kufukuzwa ndiyo kabisa: akitoka, ameitekeleza amri hiyo kwa miguu yake mwenyewe.

Halafu matamko ya rais hubadilika. Juni 2025 Burundi na Somalia ziliingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vizuizi vya kuingia. Sheria ya siku uliyokata tiketi huenda isiwe ya siku ya kurudi.

Upande mwingine kuna woga ambao umepitwa na wakati. Sheria ya 1996 inamfungia nje miaka 3 aliyekaa Marekani bila hadhi halali zaidi ya siku 180 akaondoka, na miaka 10 aliyefikisha mwaka mzima. Kwa hiyo waliozidisha muda, kisha wakafunga ndoa na raia wa Marekani, wengi wao huamini kwamba hata kwa kibali wakitoka wamejifungia mlango. Mwaka 2012 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua, katika shauri la Arrabally na Yerrabelly, kwamba aliyesafiri kwa kibali hicho hahesabiwi kuwa “ameondoka” kwa maana ya lile katazo la kuingia la miaka 10. Wakili aulizwe bado, lakini mtu asikae miaka mingi bila kumwona mama yake kwa hofu iliyokwishajibiwa.

“Mkimbizi naye ana haki ya kwenda kuzika kwao”

Hili huwagusa zaidi ndugu zetu wa Kongo. Mwenye hadhi ya ukimbizi anasafiri kwa hati ya kusafiria ya wakimbizi, nayo huombwa kwa I-131, hudumu mwaka mmoja, na iombwe kabla ya kuondoka. Akichukua pasipoti ya Kongo akaenda Bukavu, ataulizwa: kule ulikokimbia kumekuwa salama lini? Kwa ambaye ombi lake la hifadhi bado halijaamuliwa ni kali zaidi. Akirejea katika nchi aliyosema inamtesa, hata akiwa na kibali, anachukuliwa kuwa ameliacha ombi, mpaka aonyeshe sababu nzito za kurudi. Nawajua waliokutana na wazee wao Kampala.

Anayetumia pasipoti ya Kongo aangalie pia njia. Raia wa nchi hiyo wamo katika orodha ya wanaodaiwa viza hata ya kupita tu ndani ya viwanja vya ndege vya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, Brussels ikiwemo, na wapo walioishia kaunta ya Entebbe kwa sababu hiyo.

“Faili litaningoja”

Faili haliwezi kukungoja. Barua ya wito wa alama za vidole inakuja kwa posta. Usipokwenda wala kuomba siku nyingine, ombi linakataliwa. USCIS wakitaka ushahidi zaidi wanakupa muda usiozidi siku 84, na muda huo hauongezwi. Ufunguo wa sanduku la barua mwachie mtu anayesoma Kiingereza na anayepokea simu, si yule binamu anayezirundika bahasha juu ya friji mpaka urudi.