Testosteroni: maana yake, tukianzia kwa maksai

Ukipita soko la Mwanjelwa, Mbeya, jioni hukosi kumsikia muuza dawa. Kipaza sauti kimefungwa kwenye mkokoteni, sauti imerekodiwa, inajirudia: mgongo, ganzi, kukosa usingizi, nguvu za kiume. Siku hizi ameongeza na "homoni kushuka". Homoni anayoisema ni testosteroni. Neno limefika sokoni kabla ya maana yake.

Homoni ni kemikali inayomwagwa na tezi kwenye damu ikaamshe kazi mahali pengine mwilini. Testosteroni ndiyo homoni kuu ya kiume, na sehemu kubwa hutengenezwa kwenye korodani. (Wanawake wanayo pia, kwa kiasi kidogo zaidi.) Ndiyo inayonenepesha sauti ya kijana anayebalehe, inayootesha ndevu, inayojaza misuli na kuimarisha mifupa, na ndiyo inayochochea hamu ya tendo la ndoa.

Mkulima wa Mbozi anaijua kazi yake hata kama jina hajawahi kulisikia. Ndama dume akihasiwa mapema, shingo haijazi kama ya fahali, hahangaiki na majike, na nira anaikubali. Huyo ndiye maksai. Lakini mtazame maksai huyohuyo akivuta plau kwenye udongo ulioshiba mvua: nguvu anazo tele. Nguvu na testosteroni ni ndugu, si pacha.

Mwaka 1849 Arnold Berthold wa Göttingen, Ujerumani, aliwahasi majogoo. Upanga mwekundu wa kichwani ukasinyaa, wakaacha kuwika na kupigana. Wengine akawapandikizia korodani tumboni, mbali na mahali pake, nao wakabaki majogoo kamili. Kwa hiyo ujumbe ulikuwa unasafiri kwenye damu. Miaka 40 baadaye daktari Brown-Séquard, mzee wa miaka 72, alijidunga maji ya korodani za mbwa na za simbilisi, akatangaza kwamba ujana umemrudia. Testosteroni haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo alichojidunga kilikuwa karibu bure. Kilichomwinua ni imani yake. Yule wa kwenye mkokoteni ana ukoo mrefu. Homoni yenyewe ilitambuliwa na kupewa jina mwaka 1935.

Kiwango chake kinasimamiwa na ubongo. Fikiria mama mwenye shamba la viazi Uyole. Kazi iliyofanyika ikiwa ndogo anaita vibarua, ikitosha anawapumzisha. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari, hufanya hivyohivyo na korodani. Sasa mtu akichomwa testosteroni ya nje, pituitari inaona damu imejaa, inaacha kuita. Korodani zinalala, zinasinyaa, na mbegu za kiume zinapungua, pengine zinakwisha kabisa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliijaribu sindano hiyo kama uzazi wa mpango wa wanaume, na matokeo yakatolewa mwaka 1990. Kijana anayetafuta mtoto huku akijidunga ili atanue kifua anajifungia mlango mwenyewe.

Je, inawasaidia wazee? Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2016 ulifuatilia wanaume 790 wa miaka 65 na zaidi ambao kiwango chao kilikuwa chini kweli. Hamu ya tendo iliongezeka kwa kiasi, si sana. Uchovu na mwendo havikubadilika kwa kiasi cha kujivunia. Mwaka 2023 utafiti mwingine wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye ugonjwa wa moyo au walio katika hatari ya kuupata ulionyesha kuwa dawa hiyo haikuongeza shambulio la moyo wala kiharusi, ila mapigo ya moyo kwenda ovyo na damu kuganda mapafuni vilitokea zaidi kwa walioitumia. Ni dawa, basi. Ina mgonjwa wake.

Na mgonjwa huyo mara nyingi siye anayesimama kwenye mkokoteni. Uume kushindwa kusimama, kwa mtu mzima, chanzo chake mara nyingi ni mishipa ya damu: kisukari, presha, sigara. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huweza kuziba mapema, na tatizo la chumbani likatangulia la kifuani kwa miaka kadhaa. Anayeuziwa chupa akanyamaza amepoteza onyo. Kitambi nacho hushusha testosteroni, na kukipunguza huipandisha bila sindano.

Kusema homoni imeshuka kunahitaji mambo mawili kwa pamoja: dalili, na kipimo cha damu kilichorudiwa siku nyingine. Damu itolewe asubuhi kabla ya saa nne, kwa sababu kiwango huwa juu alfajiri na hushuka kadiri siku inavyokwenda, hasa kwa vijana. Aliyetoka Vwawa kwa basi la mchana akapimwa saa tisa alasiri anaweza kuambiwa ana upungufu ambao hana.