Karatasi moja si tiketi moja: kuunganisha ndege kutoka Mtwara

Narudia tena, maana nimelisikia kwa mara nyingine na kutoka kwa watu wanaosafiri kila mwaka: "Nimelipa kwa wakala mmoja, karatasi ni moja, kwa hiyo ndege ya Dar itanisubiri." Haitakusubiri. Wakala anaweza kukuchapia Mtwara–Dar, Dar–Dubai na Dubai–Guangzhou kwenye ukurasa mmoja, na ndani yake mna tiketi mbili au tatu zisizojuana.

Ukiwaambia hivyo, watu hukimbilia ile kodi ya kuhifadhi nafasi, yaani msimbo wa herufi na tarakimu sita. Kodi haikati shauri. Tiketi moja inaweza kuwa na kodi mbili, kwa sababu kila shirika lina mfumo wake wa kuhifadhi nafasi, na kodi moja inaweza kubeba tiketi mbili. Tazama namba ya tiketi yenyewe. Ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa. Kama kipande cha Mtwara–Dar kina namba inayoanza kwa tarakimu zake na Dar–Dubai kina nyingine kabisa, hizo ni tiketi mbili, hata zikabanwa kwa pini moja. Lakini usikurupuke kumgombeza wakala ukiona namba mbili zinazofuatana, kama moja inaishia 41 na nyingine 42. Tiketi ya ndege hubeba vipande vinne tu, na safari niliyoitaja hapo juu, ukihesabu kwenda na kurudi, ina sita. Hapo hutolewa namba mbili mfululizo na huhesabiwa kuwa tiketi moja.

Kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu tiketi ikiwa moja na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika lina wajibu wa kukutafutia ndege nyingine hadi mwisho wa safari. Zikiwa mbili, kwa shirika la pili wewe ni abiria ambaye hakutokea, basi. Nauli inaweza kupotea yote.

Tiketi moja nayo ina mtego wake, na huku kwetu unanasa wengi. Ndege ya Mtwara ikiahirishwa, mtu anapanda basi bila kumwambia yeyote ili aiwahi ndege ya Dubai. Akifika kaunta anaambiwa nafasi yake imefutwa, kwani ukiruka kipande cha kwanza, mfumo hufuta vyote vinavyofuata. Kabla hujaenda stendi, lipigie simu shirika lililotoa tiketi, likibadilishe kipande hicho, kisha usiondoke bila uthibitisho wa maandishi. Basi lenyewe pia si kinga ya uhakika. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi–Dar ilikatika maeneo ya Somanga, na magari yakakwama.

Mzigo sasa. Pale kaunta ya Mtwara, kabla begi halijasogezwa, soma tagi. Utaona herufi tatu kubwa. Zikiwa DAR, begi lako linaishia Dar na utalichukua mwenyewe kwenye mkanda, hata kama mhudumu amesema "litaenda tu". Zikiwa za uwanja wako wa mwisho, kwa mfano CAN kwa Guangzhou, limesajiliwa moja kwa moja. Kile kipande kidogo cha stika wanachokupa kina namba ya begi; kibandike nyuma ya pasipoti, usikitupe. Hata kwenye tiketi moja, mashirika yasiyo na makubaliano ya mizigo hayapokezani begi, kwa hiyo uliza kwa maneno haya: "Begi nalichukua wapi?" Ukijibiwa Dubai, jua kwamba kulifuata ni kuingia nchini kwao, na huenda ukahitaji viza.

Saa ndizo zinazowaponza zaidi. Unatua Dar saa 6 mchana, ndege ya nje inaruka saa 9, unasema una saa tatu. Huna. Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya kuruka, yaani saa 8. Kushuka na kungoja begi, nusu saa. Safari za ndani hutumia kwa kawaida Jengo la Pili na za nje Jengo la Tatu, lile lililofunguliwa mwaka 2019. Hayo ni majengo mawili mbalimbali na hakuna treni kati yake, kwa hiyo unatoka nje na kupanda gari. Kisha foleni ya ukaguzi mlangoni. Imebaki kama saa moja, na ndege ya Mtwara ikichelewa kwa saa hiyo umekwisha. Mifumo ya tiketi huruhusu muda mfupi zaidi ya huo, nami siuamini. Kwa tiketi mbili nasema lala Dar. Najua kwa familia ya watu watano gesti na chakula ni fedha nyingi, na kwao huwa nasita: saa sita za kungoja mchana pengine zinatosha. Chini ya hapo siwezi kumshauri mtu.

Tarehe pia. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 14, ni saa 6:30 usiku wa kuamkia tarehe 14. Uwe uwanjani saa 3:30 usiku, tarehe 13. Na kila saa kwenye tiketi ni ya mahali husika: Dubai wako mbele yetu kwa saa moja, Addis Ababa na Doha tuko sawa.

Wakati wa kurudi, hata tagi ikiwa na MYW, yaani Mtwara, usiupite mkanda wa Dar bila kuangalia, kwani forodha kwa kawaida hufanyika uwanja wa kwanza wa kuingilia nchini. Na ile manukato uliyonunua njiani, ya zaidi ya mililita 100, iingize ndani ya begi kubwa hapo hapo, kabla hujavuka kwenda Jengo la Pili kulikabidhi tena, maana mkononi ukaguzi unaweza kuizuia.