Gemu ya kujifunzia kazi ni nini hasa?

Watu wakisikia gemu kwenye mambo ya ajira akili inaenda kwa mtoto aliyekodolea simu macho, au kwa zile app zinazokumwagia pointi na nyota kila ukimaliza somo, na mimi naona yote mawili yanatupoteza. Gemu ya kujifunzia kazi ni mchezo unaokuweka kwenye nafasi ya mfanyakazi fulani, una vitu vichache mkononi, kuna uamuzi lazima uufanye sasa hivi, halafu matokeo unayaona mwenyewe na hakuna aliyeumia wala pesa ya mtu iliyopotea. Haihitaji hata umeme.

Marubani wanaijua siku nyingi. Edwin Link, Mmarekani ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, mwaka 1929 alichukua mivukuto ya vinanda akaundia kindege kisichopaa, kinainama na kugeuka hapohapo chini, rubani kafungiwa ndani anasoma mishale ya vipimo bila kuona nje. Mwanzoni wanunuzi wengi walikuwa watu wa viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani wakawa wanakufa kwenye hali mbaya ya hewa, ndo jeshi likaenda kununua vindege hivyo 6.

Ila mfano ninaoupenda zaidi ulianzia chuo cha MIT huko Marekani miaka ya 1960, unaitwa Beer Game, yaani mchezo wa bia, mimi nauchezesha kwa vizibo vya soda na vijana waliomaliza form four. Wanakaa wanne kwenye mkeka: mmoja duka la Mangi, mmoja jumla, mmoja msambazaji, mmoja kiwanda. Kizibo kimoja ni kreti moja. Kuongea hakuna, oda unaandika kwenye kikaratasi unampa wa nyuma yako na mzigo unachelewa wiki kadhaa za mchezo. Wateja wanataka kreti 4 kila wiki, ikifika wiki ya 5 wanataka 8, na inabaki 8 mpaka mwisho. Basi hapo Mangi anaishiwa, anaogopa, anaagiza 12, wa jumla akiona 12 anaagiza 20, kiwanda kinazalisha kama kichaa, baadaye mzigo wote unafika kwa pamoja, vizibo vinajaa mpaka vinamwagika nje ya mkeka na hakuna anayetaka tena. Ukiwauliza wote wanasema wateja wamebadilika badilika, ukiwafunulia kadi zilizoandikwa oda za wateja za kila wiki wanakuta wamebadilika mara moja tu. Huo ukimya unaofuata ndo somo lenyewe, ugavi, yaani safari ya mzigo kutoka kiwandani mpaka kwa mteja, wameuelewa bila kusomewa notisi.

Sasa kwenye kuchagua fani, usimwangalie nani kashinda. Angalia mtu anafanya nini akibanwa. Kuna binti mmoja nyuma ya kikaratasi chake alikuwa anajiandikia oda alizotuma ambazo bado hazijafika, hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na ukimuuliza unataka kuwa nani anakwambia daktari, maana kazi alizowahi kuzisikia ni daktari, mwalimu na rubani. Ununuzi na ugavi kama kozi ya chuo alikuwa hajawahi kuisikia kabisa. Hapo una kitu cha kuongea naye, na hatua inayofuata ni kumpeleka akakae siku nzima na mtunza stoo, aone vumbi, madaftari na ugomvi wa madereva, kwa sababu mchezo hauna vumbi na hauwezi kuchukua nafasi ya fildi.

Kingine, muda. Wengi wanachezesha wanacheka wanaondoka. Mimi nikiwa na saa mbili, mchezo unachukua moja, inayobaki yote ni maongezi, na naanza na swali hilihili kila mara: wiki ya 6 uliandika namba ngapi, na ulikuwa unaogopa nini?