Bamba la lori halikuambii difu ni ipi

Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri Nairobi, utasikia kwamba ukitaka kujua uwiano wa difu (gia za ekseli ya nyuma) ya lori kuukuu, yaani propela huzunguka mara ngapi magurudumu yakizunguka mara moja, soma bamba la kebini. Hiyo ni kweli iwapo ekseli haijaguswa tangu kiwandani. Bedford iliyosomba mawe miaka mingi huenda ilishavalishwa ekseli nyingine nzima, na bamba bado linasimulia ile iliyouzwa chuma chakavu.

Pima ekseli yenyewe. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, weka gia huru, achia handibreki, kisha inua gurudumu moja tu la nyuma. Chora chaki kwenye tairi na kwenye propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi hadi difu. Zungusha gurudumu mara mbili kamili, si moja, maana lile lililo chini limesimama na kikapu cha difu, kile kinachozungushwa na krauni, huenda nusu ya mwendo wa gurudumu. Propela ikizunguka mara sita na kidogo, huo ndio uwiano wako.

Ukitaka hesabu kamili, fungua difu: kwa mfano, meno 37 ya krauni (gia kubwa) gawanya kwa 6 ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha), unapata 6.17. Namba ikiwa kubwa lori huvuta zaidi, halikimbii zaidi, hata wauza vipuri wakibisha. Ekseli ya spidi mbili ipime mara mbili, kila spidi peke yake.