"Ni karibu tu, kilomita sitini": dhana zinazoharibu safari ya gari ya pwani na milimani

Kazi yangu ni kupanga safari za gari za watu wanaotaka kupumzika: siku kadhaa kwenye miji ya pwani, siku kadhaa kwenye vijiji vya mlimani, bila kukimbizana na saa. Mipango mingi ninayoletewa niirekebishe imeharibiwa na sentensi moja, "ni karibu tu, kilomita sitini." Juzi nimeletewa mwingine wa miji tisa kwa siku nne. Nimechoka kulieleza jambo hili kwenye simu, kwa hiyo naliandika hapa, na nitalikalia zaidi kuliko mengine kwa sababu ndilo linalowaumiza watu.

Dhana: Umbali ni mfupi, kwa hiyo siku moja inatosha miji mitatu

Barabara inayopita ubavuni mwa majabali ya bahari, au inayopanda kijijini kwa kona za kujipinda, huwezi kuipima kwa kilomita. Hesabu kona, angalia upana, fikiria mabasi na malori utakayopishana nayo. Chukua SS163, barabara ya pwani ya Amalfi kusini mwa Italia. Ina urefu wa kilomita 50 hivi na inaishia Vietri sul Mare, jirani na Salerno. Kwenye barabara kuu iliyonyooka, kilomita 50 ni nusu saa tu. Pale, msimu wa wageni, saa mbili ni jambo la kawaida. Mwaka 2022 ilibidi waanze kugawa siku za kupita kwa tarakimu ya mwisho ya namba ya gari, shufwa siku moja na witiri siku nyingine, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni katika siku za pilikapilika. Barabara nyingi za aina hii duniani hazina sheria kama hiyo, lakini wembamba wake ni uleule.

Watu hunionyesha simu: "Mbona ramani inasema saa moja na nusu?" Ramani inakokotoa muda wa gari linalotembea, basi. Siku yenu haina gari linalotembea tu. Hebu tuifuate hiyo saa moja na nusu jinsi inavyokwenda. Mmepanga kuondoka saa tatu asubuhi. Saa tatu ndiyo kwanza mnanyanyuka mezani. Mabegi manne yanateremshwa ngazi, mmoja anarudi chumbani kufuata chaja, funguo zinakabidhiwa, maegesho yanalipwa, na gari linatoka saa nne kasorobo. Baada ya kilomita chache kuna mahali pa kusimama juu ya ghuba na kila mtu anataka picha; mnapoteza dakika ishirini. Mbele mnakuta lori linapanda kwa gia ya kwanza, na kwa kilomita kadhaa hakuna pa kulipita. Mnafika mjini, maegesho ya kwanza yamejaa, ya pili ni ya wakazi peke yao, ya tatu yako chini ya mji na kutoka hapo ni ngazi. Mnaingia uwanja wa kijiji karibu saa saba, jua la utosi, njaa inauma, watoto wamenuna. Na kwenye karatasi yenu imeandikwa: "Saa saba na nusu, mji wa pili."

Hapo hakuna aliyefanya uzembe. Hakuna tairi iliyopasuka, hakuna aliyepotea njia. Siku imekwenda kama siku zote zinavyokwenda. Kosa lilikuwa kwenye mpango.

Anayelipa zaidi ni dereva. Wengine wanatazama bahari, yeye anatazama lami, vioo na pua ya basi linalochomoza kwenye kona. Nimewahi kumuuliza mteja aliyerudi kama aliipenda ile ghuba, akaniambia hakuiona. Alikuwa ameendesha kandokando yake mchana kutwa. Safari ambayo mmoja wenu hapumziki haijawa ya mapumziko, hata kama wanne waliobaki wamefurahi.

Hesabu ninayowapa wateja ni hii, na siilegezi: kwenye barabara ya majabali au ya kupanda mlima, weka kilomita 30 kwa saa, kisha ongeza nusu ya muda uliopata kwa ajili ya kusimama, kupishana na kutafuta maegesho. Kilomita 60 zinakuwa saa tatu. Na saa tatu ndiyo mwisho wa kuendesha kwa siku. Ukifuata hesabu hiyo, miji tisa kwa siku nne inajifuta yenyewe kwenye karatasi.

Sharti langu la pili ni kulala usiku mara mbili au zaidi kila mahali. Kulala usiku mmoja mmoja ni kuhama nyumba kila asubuhi. Tena kuna jambo ambalo wapitaji hawalijui: vijiji vizuri hujaa mchana, wageni wa mabasi wanapofika, na hutulia alasiri wanapoondoka. Anayelala pale anapata asubuhi na jioni, saa ambazo uwanja una wenyeji na viti viko wazi. Anayepita anapata saa saba mchana tu. Kwa safari ya wiki moja napanga makao mawili, matatu yakizidi sana: moja pwani, moja juu, na ninachagua vijiji vilivyo karibu na kila moja. Siku moja kati ya hizo haiandikwi kitu. Wateja hulalamika sana kuhusu siku hiyo kabla ya kuondoka, nami huwa siikubali ifutwe.

"Lakini tumetoka mbali, tusipouona mji ule je?" Basi muwe mmeuona huu mliomo.

Dhana: Kupanda ndiko kugumu, kushuka gari linajiendea

Hii inanikosesha usingizi zaidi ya zote, ingawa maelezo yake ni mafupi. Kupanda kunachosha injini. Kushuka kunachosha breki, na breki ndizo zinazokulinda. Ukishuka kilomita kumi huku mguu uko juu ya breki muda wote, diski na pedi zinapata moto, na moto huo unapita hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kwa matumizi kiwango hicho hushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke ndani ya mabomba, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi chini bila gari kupungua mwendo.

Kwa hiyo shuka kwa gia nzito, yaani ya namba ndogo, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Kanuni ya zamani ya madereva wa malori bado ni sahihi: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Gari la otomatiki nalo lina njia yake, ama L, ama 2, ama M ya kuchagua gia mwenyewe. Itafute siku unapokabidhiwa gari, usiitafute kwenye kona. Ukihitaji breki, kanyaga kwa uthabiti, punguza mwendo, achia zipoe, kisha rudia. Kuweka nyutro ili kuokoa mafuta ni hatari tupu, na kwa magari ya kisasa hata hayo mafuta huyaokoi, kwa kuwa ukiachia pedali ukiwa kwenye gia injini hukata mafuta yenyewe. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, toka barabarani usubiri. Usimwagie maji.

Mwenye gari la umeme naye asikilize: kama umelala kijiji cha juu, usijaze betri hadi asilimia 100 kabla ya kushuka. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme unaotokana na kupunguza mwendo, kwa hiyo msaada wa mota katika kupunguza mwendo unashuka na mzigo unarudi kwenye breki.

Nyingine kwa ufupi

"Anayeshuka ndiye wa kupisha? Mbona mimi ndiye mwenye kasi?" Kwenye barabara za mlimani zilizo nyembamba mno, Mkataba wa Vienna wa 1968, ule wa kimataifa wa sheria za barabarani, unamtaka anayeshuka ampishe anayepanda, isipokuwa pale ambapo mahali pa kupishania pako wazi upande wa anayepanda. Kuna sababu yake: gari lililosimama katikati ya kilima likiwa na mzigo lina kazi kubwa kuanza tena. Angalia pia sheria za nchi uliyomo, kisha ondoa kiburi.

"Kuanzia kaskazini au kusini ni mamoja." Si mamoja. Mahali wanapoendesha kulia, bahari ikiwa kulia kwako uko kwenye njia ya nje: mandhari ni yako na sehemu za kusimama unaingia bila kukata njia ya wanaokuja. Ndiyo maana Barabara Namba 1 ya California hupendeza zaidi ukitoka kaskazini kwenda kusini. Wanapoendesha kushoto, geuza hesabu. Lakini kama dereva wenu anaogopa ukingo wa majabali, mpe mwelekeo wa kinyume, akae upande wa mlima. Muulize kabla, na mpange hivyo.

"Pwani ni joto, nguo nyepesi zinatosha." Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hewa yenye unyevu wa bahari ikisukumwa mlimani inapoa na kuwa ukungu, na ukungu ukishuka saa kumi na moja jioni kona huzioni. Sweta garini, na muwe mmefika kabla ya saa kumi alasiri.

"Jana maji yalikupwa saa nne, na leo tutavuka saa nne." Saa ya maji kupwa na kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Kule Ufaransa kuna Passage du Gois, barabara ya kilomita 4 hivi kwenda kisiwa cha Noirmoutier, ambayo bahari huifunika mara mbili kwa siku. Huvukwa takriban saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa hadi saa moja na nusu baada yake. Popote barabara inapopita ufukweni, soma jedwali la siku hiyohiyo.

"Nina kibali cha kimataifa cha kuendesha gari, leseni nimeiacha nyumbani." Kibali kile kinasindikiza leseni, hakisimami peke yake. Tena viko vya aina mbili: cha mkataba wa barabarani wa 1949 hudumu mwaka 1, cha ule wa Vienna wa 1968 hadi miaka 3, na nchi nyingine hukubali kimoja tu. Uliza kampuni ya kukodisha kabla ya kulipa.

"Ramani imeniingiza, basi panaruhusiwa." Katikati ya miji mingi ya kale ya Italia kuna maeneo yaliyofungiwa magari, yanaitwa ZTL, yanayolindwa na kamera. Faini hukufuata kupitia kampuni ya gari miezi kadhaa baadaye. Acha gari nje ya kuta, tembea.

Dhana: Safari ya kupumzika haipangwi, tutajionea hukohuko

Mchana msiupange, nakubali. Lakini kitanda na maegesho mvipange, kwa sababu kutafuta chumba saa mbili usiku kwenye vichochoro vya mlimani ndiko kunakovunja amani garini. Na mjue barabara hizi huporomoka. Mei 2017 mlima uliangukia Barabara Namba 1 mahali paitwapo Mud Creek, pwani ya Big Sur, na haikufunguliwa tena hadi Julai 2018. Pale njia ya kando hakuna; unarudi ulikotoka na kuzunguka mbali. Kwa hiyo jioni kabla ya kuhama, mpigie simu mwenye nyumba mnakokwenda umuulize mambo matatu: barabara iko wazi, gari tunaliacha wapi, na kutoka hapo ni ngazi ngapi na mabegi.