Siku Moja Unguja: Yanayosemwa Gatini na Yaliyo Kweli

Upepo wa kaskazi ukiingia, meli za watalii huanza kuonekana nje ya Malindi, penye bandari yetu ya Unguja. Nyingine hufunga gatini, nyingine hutia nanga mbali na kushusha watu kwa boti ndogo. Wanaoshuka siku hizi si Wazungu peke yao. Wamo Watanzania na Wakenya wanaofanya kazi melini, waliopewa saa chache za kunyoosha miguu. Zimo pia familia za kwetu zilizohamia Uingereza, Kanada au Maskati, zinazorudi kuwaonesha watoto nyumba ya babu. Wote wana siku moja tu, na wote wamebeba maneno waliyoambiwa na wenzao. Kazi yangu ni kutembeza wageni, na maneno hayo huyasikia kabla hatujatoka lango la bandari. Mengi si kweli, na mengine yanaweza kukuharibia safari nzima.

"Wakiona sijarudi, meli itanisubiri"

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloliza watu. Meli haimsubiri mtu mmoja. Kukaa gatini kuna malipo, rubani wa bandari ana zamu yake, na bandari inayofuata imeshaiwekea meli hiyo nafasi. Machi 2024 meli ya Norwegian Dawn iliondoka São Tomé na Príncipe ikawaacha abiria 8 waliochelewa kwenye matembezi waliyojipangia wenyewe. Walipelekwa kwa boti hadi karibu na meli na bado hawakupandishwa. Wakaifukuza nchi kwa nchi. Walipofika Gambia, meli nayo ikashindwa kuingia kwa sababu ya hali ya bahari, na mwishowe wakaipata Dakar, Senegal.

Safari ikiuzwa na meli yenyewe, gari likaharibika njiani, meli hukusubiri au hukufikisha bandari ya mbele kwa gharama yake. Ukitoka kivyako, au na mtembezaji kama mimi, gharama ya kuchelewa ni yako. Sikukatazi kutoka kivyako, na wengi wanaojipangia hufurahi zaidi. Ila chagua umbali kwa akili. Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi ni kama nusu saa kwa gari. Msitu wa Jozani, wenye kima punju wetu ambao hawapatikani kwingine duniani, ni kilomita kama 35. Nungwi ni karibu kilomita 60 kila upande, na barabarani kuna magari ya mizigo, ng'ombe na vituo vya polisi. Mwenye saa 6 nchi kavu akiniambia anataka kuoga Nungwi, humkatalia hata akiwa na pesa mkononi.

Kabla ya kushuka, piga picha karatasi ya ratiba unayopewa chumbani. Humo mna namba ya wakala wa meli aliye bandarini, na huyo ndiye wa kumpigia mambo yakiharibika. Beba pia nakala ya pasipoti. Meli ikiwa imetia nanga nje, saa ya kuizingatia ni ya boti ya mwisho kurudi, ambayo huwa mapema kuliko saa ya kung'oa nanga.

"Saa ni saa tu"

Sisi tuko saa 3 mbele ya saa ya dunia (GMT). Seychelles wako saa 4, na Durban na Maputo wako saa 2. Meli inayotoka huko inaweza kubadilisha saa zake ikifika kwetu, au nahodha akaamua ibaki na ya zamani. Simu yako haijui uamuzi wa nahodha. Ikishika mtandao wa hapa inajigeuza yenyewe, na unajikuta umechelewa saa nzima bila kujua. Dawa yake ni saa ya mkononi, ile ya kawaida isiyotegemea mtandao. Irekebishe kwa saa ya meli unaposhuka, kisha fuata hiyo hiyo mpaka jioni.

Halafu kuna saa yetu ya Kiswahili, ambayo huwaponza hata watoto wetu waliokulia ughaibuni. Dereva mmoja ninayemjua alipata ujumbe wa Kiingereza kutoka kwa familia ya Kizanzibari inayoishi Ulaya. Walitaka wafuatwe Paje "at 3". Akaandika kwenye daftari lake saa 3. Akafika Paje saa 3 asubuhi, akazunguka, hakuona mtu, akaondoka kwenda kutafuta abiria wengine. Wao walikuwa wanamtaka saa 9 alasiri. Walisimama kando ya barabara, karibu kilomita 50 kutoka mjini, watoto wawili wakilia kwa joto, na meli inaondoka saa 11 jioni. Gari la mvuvi wa samaki liliwasaidia. Tangu siku hiyo, mtu akinitajia saa, namuuliza: asubuhi, mchana au jioni? Kisha nairudia kwa maneno mengine: "Yaani baada ya sala ya Adhuhuri, kabla ya Alasiri, sivyo?"

"Mji Mkongwe umejaa wezi, bora ubaki melini"

Hapana. Vichochoro ni vyembamba na vinapinda, utapotea, na kupotea humo ni raha. Mji wenyewe si mkubwa. Ukinyoosha mwendo upande wowote, baada ya dakika 15 hivi utatokea baharini au kwenye barabara ya Darajani. Wizi upo kama mji wowote wenye wageni: simu kwenye mfuko wa nyuma, mkufu wa dhahabu shingoni katika msongamano wa soko. Viache melini. Kifupi kama hivyo.

Wanaowasumbua wageni zaidi ni wale tunaowaita papasi, vijana wanaokufuata kutoka langoni wakitaka kukuongoza. Wengi ni watoto wa watu wanaotafuta riziki, na sipendi wanavyosemwa vibaya wote kwa pamoja. Lakini mtembezaji halali ana kitambulisho kutoka Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na haoni aibu kukuonesha. Asiye nacho mjibu kwa heshima, "Hapana kaka, ahsante," uendelee kutembea. Usisimame kubishana. Akikwambia njia hiyo imefungwa nikupitishe nyingine, pita hiyo hiyo.

Na ndugu zangu wa Bara na Kenya, msidhani Kiswahili chenu peke yake kinatosha. Hapa bei huulizwa baada ya salamu. Ukimwamkia mzee wa duka "Shikamoo", ukamwacha aitikie marahaba, ukauliza habari za nyumbani, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Bei ya teksi patana kabla hujafungua mlango.

"Ng'ambo ile ni karibu, bahari yenyewe shwari"

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana watu wanaogopa vichochoro ambavyo havimdhuru mtu, kisha wanaruka kwenye boti bila kuuliza swali hata moja.

Kisiwa cha Changuu kinaonekana kutoka Forodhani, bustani ya ufukweni Mji Mkongwe. Boti ya mashine huchukua kama nusu saa. Watu hukiita Kisiwa cha Jela na kusimuliana habari za wafungwa. Jela ilijengwa kweli, miaka ya 1890, lakini haikuwahi kufungiwa wafungwa. Ikageuzwa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na homa ya manjano. Kobe wakubwa walioko pale asili yao ni Seychelles, walioletwa kama zawadi mwaka 1919, na mpaka leo wanakula kabichi kwenye viganja vya watoto. Ni safari nzuri, na huwa naipendekeza.

Ila maji yetu hayatulii mahali pamoja. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji makuu na maji madogo inafika mita 4 hivi. Fungu la mchanga la Nakupenda, lile jeupe mnaloliona kwenye picha, huzama maji yakijaa. Muulize nahodha swali moja: maji yanajaa saa ngapi leo? Nahodha wa kweli hujibu palepale, maana jedwali la maji analo kichwani. Anayeangalia juu na kusema "mapema bado" mwache.

Swali la pili ni jaketi okozi. Si "unayo?" bali "niyaone". Yahesabu, yawe sawa na idadi ya watu. Vaa lako kabla boti haijaondoka, funga kamba zote, na la mtoto liwe la kimo chake. Kuna manahodha watakwambia hapa karibu hakuna haja. Mimi ni wa Unguja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 tulipoteza watu wetu kwenye MV Spice Islander, na Julai 2012 tukazika tena baada ya MV Skagit. Zile zilikuwa meli zilizobeba mamia ya watu, na hii ni boti ya watu 10, lakini aliyesimama ufukweni asubuhi ile akingoja majina hawezi kukubali mtu amwambie hakuna haja. Nahodha akikunja uso kwa sababu umeuliza, shuka, tafuta mwingine. Pesa yako ni ile ile.

Ukiingia majini vaa viatu vya mpira. Chini kuna wadudu weusi wa miiba, na mwiba wake ukivunjikia mguuni, matembezi yako ya siku hiyo yamekwisha.

"Usile chochote cha njiani"

Ukifuata hili utaondoka Unguja hujaionja. Kinachomsumbua mgeni tumboni mara nyingi ni barafu, maji ya bomba, na kachumbari iliyokaa. Kilichotoka sasa hivi kwenye mafuta yanayochemka hakina ubaya. Angalia urojo unavyotengenezwa. Mama anachota uji wa njano wenye uchachu wa embe au ndimu, anautia kwenye bakuli, anakatia viazi vya kuchemsha, anadondosha bhajia na kachori, juu yake chipsi za muhogo zilizosagika, kijiko cha chatne ya nazi na tone la pilipili. Ukiona mvuke unapanda na foleni ni ya wenyeji, kaa ule. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi iombe bila barafu.

Wengi hushuka na hamu ya Forodhani. Wapishi wa Forodhani huwasha makaa jua likienda kuzama. Meli yako ikiondoka saa 11, utakuta bustani, bahari na vijana wanaojirusha majini, lakini si mishikaki. Kula mchana mitaa ya ndani. Ijumaa maduka mengi hufungwa wakati wa sala, na Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana.

Mengine kwa haraka. Wanaosema vaa upendavyo kwa kuwa ni mji wa watalii wanakudanganya: mabega na magoti yafunikwe, na kanga moja kwenye mkoba inatosha kwa wanawake. Bangili za gamba la ng'amba (aina ya kasa), makombe makubwa ya baharini na matumbawe usinunue hata ukiambiwa ni halali. Biashara ya ng'amba imepigwa marufuku kimataifa na forodha ya unakokwenda itakunyang'anya. Na usipige picha askari wala eneo la bandari.

"Jua letu haliniwezi, mimi mtu wa huku"

Mwaka fulani alishuka bibi mmoja na mjukuu wake. Bibi aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa na miaka 12. Mjukuu, kijana mrefu aliyezaliwa kwenye baridi, hakutaka kofia wala maji. Bibi naye alisema, "Mwanangu, mie nimezaliwa na jua hili." Walitaka kuiona nyumba yao mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe. Ilikuwa Januari, saa 6 mchana, upepo umekufa.

Mwili uliokaa miaka 50 kwenye baridi umesahau. Tulipofika nusu ya njia, bibi akaacha kuzungumza. Akaniuliza tuko wapi, akaniuliza tena. Uso mwekundu, ngozi kavu. Mtu akianza kuchanganyikiwa kwenye joto usimngoje apumzike kidogo aendelee. Tulimkalisha kwenye baraza lenye kivuli, tukalowesha mtandio wake maji tukamwekea shingoni na kwapani, mjukuu akampepea kwa gazeti, mimi nikampigia daktari ninayemjua wa karibu. Alipofika, bibi alikuwa ameshaanza kunywa maji taratibu na kumkumbuka kila mtu kwa jina. Daktari akamkataza kutembea tena mpaka jua lipungue.

Wakati wote huo tulikuwa hatua 30 hivi kutoka kwenye mlango wao. Baraza tulilokaa lilikuwa la jirani yao wa zamani. Saa 8 na nusu tulimshika mkono tukamsogeza. Wanaoishi mle sasa walifungua, wakatoa kiti, wakatoa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na bibi akaweka kiganja kwenye msumari mmoja wa shaba wa mlango ule, wa chini kabisa, uliopinda. Akamwambia mjukuu kwamba aliupinda yeye, kwa jiwe, na babu yake alimchapa.

Langoni Malindi tulifika saa 9 na robo kwa saa ya meli. Mjukuu alikuwa amevaa kofia ya ukindu.