Kuku mwenye manyoya ya sufi: yanayosemwa juu ya Silkie na ukweli wake

Mgeni akiingia uani kwangu Muheza, kabla hajaketi ataniuliza yule mweupe ni mnyama gani. Amejikunyata chini ya mlimau kama donge la sufi lililochomoka kwenye mto, miguu haionekani, macho nayo yamezama ndani ya kishungi. Ukimwinua hapapatiki wala hapigi kelele, anatulia kifuani kama mtoto aliyeshiba. Huyo ni Silkie, kuku wa asili ya China, na miaka yote niliyomfuga nimesikia juu yake maneno mengi yasiyo kweli. Mengine hayamdhuru mtu. Mengine yanamponza yeye.

Linalotangulia daima ni la sungura: eti huyu ametokana na kuku aliyepandwa na sungura. Huko Ulaya nako hadithi hiyo ilivuma zamani. Nadhani kwetu lugha yenyewe inachangia, maana manyoya ni ya kuku na manyoya ni ya paka, neno ni hilohilo moja. Lakini sungura ni mnyama anayenyonyesha na kuku ni ndege. Hawawezi kuzaa pamoja kamwe. Anachovaa Silkie ni manyoya ya ndege, ila yana upungufu mmoja.

Okota unyoya wa bawa la kuku wa kawaida uutazame. Katikati kuna uti, na kila upande wa uti zimelala nyuzi nyembamba zilizoshikana. Zitenganishe kwa ukucha, kisha zipitishe katikati ya vidole viwili kuelekea kwenye ncha. Zitashikana tena na unyoya utarudi kuwa bapa. Kazi hiyo inafanywa na vikulabu vidogo mno ambavyo macho matupu hayavioni. Kwa Silkie vikulabu hivyo havishiki. Kila uzi unajitegemea na kupepea peke yake, ndiyo maana ukimpapasa unahisi hariri, na ndiyo maana haruki. Akipiga mabawa, hewa inapita katikati ya nyuzi. Uzio unaomfika mtu kiunoni unamtosha.

Kutoka hapo watu wanaingia kwenye kosa la pili, linaloua kuku: kwamba kwa koti zito namna ile, mvua haimfanyi kitu. Ni kinyume kabisa. Unyoya wa kuku wa kienyeji unateremsha maji kama makuti ya paa. Wa Silkie unayanywa. Masika moja nilichelewa kurudi shambani nikamkuta mtetea wangu amesimama kwenye dimbwi, amelowa mpaka ngozi, na ule ukubwa wote umekwisha. Alikuwa mdogo kama ngumi mbili, anatetemeka. Nilimfunga kwenye kanga kuukuu nikakaa naye karibu na jiko la mkaa mpaka nyuzi zikaanza kutengana tena. Alipona, lakini uzembe ulikuwa wangu, kwa kuwa banda nililijenga bondeni. Baridi kavu anaivumilia vizuri, maji ndiyo yanayommaliza. Paa lisivuje, sakafu iwe juu na kavu, na vijiti vya kulalia viwe chini kabisa, maana wengi wao hawapandi. Usiku utawakuta wamerundikana pembeni, wamekuwa donge moja.

Sasa la weusi, na hili linaniuma kuliko yote. Siku ile ya mvua jirani alikuja kunisaidia, akaona ngozi nyeusi tititi chini ya yale manyoya meupe, akarudi nyuma. Wako wanaosema ni ugonjwa. Wako wanaosema ni kuku wa waganga, na ninajua mtetea mmoja aliyepigwa mawe kwa sababu ya maneno hayo. Ukweli ni kwamba sehemu ndogo ya kromosomu ya 20 ya kuku huyu, yaani mmoja wa nyuzi za urithi zilizo ndani ya chembe za mwili, imejirudia, na kwenye sehemu hiyo kuna jeni, kipande cha urithi, iitwayo EDN3, inayohusika na ukuaji wa chembe za rangi. Inapofanya kazi kupita kawaida, chembe hizo huenea mpaka ndani: ngozi nyeusi, mifupa myeusi, nyama yenye weusi wa kijivu. Badiliko hilohilo analo kuku aitwaye Ayam Cemani wa Indonesia, ambaye ni mweusi hadi manyoya. Silkie hana ugonjwa wala hajarogwa. Ni rangi, kama ilivyo kwa ng'ombe mwekundu na ng'ombe wa mabaka. Wachina humwita kuku wa mifupa myeusi, na supu yake ni chakula cha heshima kwa mama aliyetoka kujifungua. Tena si kiumbe kipya: katika karne ya 13 Marco Polo alisimulia habari za kuku wa China wenye nywele kama paka. Mayai yake, kwa wanaouliza, si meusi. Yana rangi ya maziwa.

Kidole cha tano nacho watu hukihesabu kuwa ulemavu. Kuku wengi wana vidole vinne, Silkie ana vitano, kile cha nyongeza kikiwa nyuma kimeinama kuelekea juu. Dorking wa Uingereza na Faverolles wa Ufaransa wanavyo vitano pia.

"Hatagi huyo, ni pambo tu." Anataga, ingawa ukitafuta trei za kuuza umekosea mlango. Tegemea mayai kama mia moja kwa mwaka, na madogo. Sababu kubwa ya kukatiza kutaga ni kwamba hamu yake ya kuatamia haina kifani. Akiona mayai matatu amelala, na hata yasipokuwepo anaweza kuatamia mpira wa watoto. Mimi hilo naliona ndilo jema lake kubwa. Nimemwekea mayai ya bata akayalalia siku 28 badala ya 21 alizozoea, hakusogea ila kula na kunywa. Vifaranga vya bata vilipoanguka vyote kwenye beseni la maji, alisimama ukingoni akiviita, mabawa yameshuka, hakuondoka mpaka cha mwisho kilipotoka. Usimpe mayai mengi tu, maana chini ya yale manyoya mwili ni mdogo, uzito wake ni kama kilo moja.

Kwa kuwa ni mpole, watu hudhani ataelewana na kila kuku. Yeye ataelewana nao, wao hawataelewana naye. Ukimweka pamoja na kuchi, wale kuku wa kupigana, unamtuma kwa wauaji. Kishungi kinamziba macho, haoni anayekuja kumdonoa. Isitoshe, chini ya kishungi fuvu limetuna kama kuba, na kwa wengi mfupa wa hapo haukufunga sawasawa. Mdono mmoja wa utosini unaweza kumfanya azunguke au apinde shingo siku kadhaa, hata afe. Mimi nawatenga na kuku wakali, na nywele za mbele ya macho nazipunguza kwa mkasi. Watoto nimewafundisha kumshika kwa mikono miwili, mmoja chini ya miguu. Upole haumkingi na maradhi pia: chanjo ya kideri anaihitaji kama wengine, na ya Mareki, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, apewe siku anapoanguliwa, kwa sababu kuku hawa hushikwa na ugonjwa huo kwa urahisi.

Mwisho, wanunuzi. Wengi huambiwa kwamba jogoo mmoja wa Silkie akiachiwa matetea wa kienyeji atatotoa Silkie. Hapana. Unyoya wa hariri hautokei mpaka kifaranga aurithi kwa baba na kwa mama. Uzao wa kwanza utakuwa na manyoya ya kawaida, pengine na kishungi na kidole cha tano. Wala usimwamini anayekuahidi matetea watupu kwenye vifaranga vya mwezi mmoja, kwani jinsia yao hujificha mpaka karibu miezi mitano, jogoo anapoota nyuzi ndefu zinazorudi nyuma ya kishungi. Kwa hiyo ukifika kwa muuzaji, mgeuze kuku chali taratibu, hesabu vidole, pulizia manyoya ya kifua uone ngozi, kisha tazama chini ya sikio: kile kinyama mara nyingi kina rangi ya samawati kama bahari ya asubuhi.